Kioo cha Kamchape: Filamu ya Juju Stories Ikitazamwa Kutoka Kigoma

Filamu ya Juju Stories ilionyeshwa kwa mara ya kwanza mwezi Agosti 2021 katika tamasha la Locarno, nchini Uswisi, na huko ikapewa tuzo ya wahakiki huru. Ni kazi ya Wanijeria watatu, Michael Omonua, Abba Makama na C.J. Obasi, ambao kwa pamoja hujiita Surreal16. Kila mmoja ametengeneza hadithi yake fupi, na hadithi hizo tatu zimewekwa pamoja kuwa filamu moja isiyo na mhusika mkuu mmoja. Kinachoziunganisha ni uchawi katika maisha ya mjini ya siku hizi, miongoni mwa watu wenye simu, kazi na elimu ya chuo.

Katika makala hii sina nia ya kupima kama filamu hiyo inamfaa Mkristo au haimfai. Swali hilo huulizwa sana katika vikao vyetu, na kwa kawaida huulizwa na mtu ambaye filamu yenyewe hajaitazama. Nakusudia kuuliza jambo jingine: filamu inapotuonyesha mchawi, inatuweka katika nafasi gani mbele ya jirani? Nauliza nikiwa nimeuelekezea uso mwambao wa Ziwa Tanganyika, yaani Kigoma, Ujiji, na vijiji vya Waha vilivyoko huko juu vilimani, kwa kuwa huko swali hili lilikwisha kuulizwa kwa mapanga na moto.

Msomaji asiyeijua Kigoma aelewe kwanza jinsi mkoa huo unavyosemwa. Reli ya Kati ilifika ziwani mwaka 1914, na tangu hapo Kigoma imekuwa mwisho wa reli, kwa maana ya safari na kwa maana ya dhihaka. Mtu wa Kigoma akijitambulisha Morogoro au Dar es Salaam, haichukui muda kabla ya kutaniwa kuhusu radi: asiudhiwe, asije akaituma mchana wa jua kali. Wenyewe hucheka pamoja na watani wao, na wengine huutumia utani huo kujikinga na wanaowaonea. Lakini utani unaomhusu mtu mbali na kwao una ndugu yake asiyechekesha nyumbani. Kule kijijini neno lile lile linapomwangukia bibi fulani mwenye jina, mwenye shamba la mihogo na macho mekundu kwa moshi wa jiko, halina mzaha ndani yake.

Filamu za Kinijeria si ngeni kwetu. Tangu Living in Bondage ya mwaka 1992, ambamo mwanamume anamtoa mkewe kafara ili apate utajiri, wananchi wa Afrika Mashariki wamezijua vizuri njia za hadithi hizo: tamaa, mganga, damu, fedha, mzimu wa marehemu, na hatimaye kanisa. Katika vibanda vya video palikuwa na mtu aliyekaa na kipaza sauti akiyatafsiri maneno ya wahusika kwa Kiswahili na kuongeza ya kwake, na mara nyingi ya kwake ndiyo yaliyokuwa matamu zaidi. Watengenezaji wetu nao walifuata. Mussa Banzi alitoa Nsyuka mwaka 2003 na Shumileta mwaka 2005, na baada ya hapo mizimu, majini na misukule vikawa bidhaa ya kawaida madukani. Yalipotokea mauaji ya ndugu zetu wenye ualbino katika miaka ya 2000, hata katika mkoa wa Kigoma na ng'ambo ya mpaka huko Burundi, wapo waliozitaja filamu za Nijeria kuwa ndizo zilizofundisha kuwa kiungo cha mtu huleta mali. Mimi naona lawama hiyo ni nyepesi mno. Wachunguzi walioandika juu ya mauaji hayo, kama Deborah Bryceson na wenzake mwaka 2010, waliyahusisha na migodi midogo ya dhahabu na almasi, na waganga waliowauzia wachimbaji bahati. Filamu haikumshika mtu mkono ikampa panga. Hata hivyo, kukataa kwamba filamu ndiyo chanzo si sawa na kusema kwamba haifanyi kazi yoyote katika mioyo ya watazamaji.

Tuziangalie basi hadithi zenyewe. Ya kwanza, Love Potion ya Omonua, ni hadithi ya mwanamke asiyeolewa, Mercy, anayekubali kutumia dawa ili apendwe na mwanamume ambaye tayari ana mchumba. Kwa Kiswahili tunalo neno moja tu kwa jambo hili: limbwata. Nimependezwa na utulivu wa hadithi hii. Hakuna radi wala muziki wa kutisha. Mwanamke ni msomi, anazungumza na rafiki yake kama wanawake wanavyozungumza, na shauri la dawa linaingia katika mazungumzo kama vile shauri la kubadili mtindo wa nywele. Swali ambalo hadithi inalileta ni la kitheolojia hasa, ingawa halitamkwi: yule anayependwa kwa nguvu ya dawa amepata nini, ikiwa mwenzake hakuwa na uhuru wa kumkataa? Mhubiri anayefundisha juu ya neema na hiari ya mwanadamu angeweza kuanzia hapa. Lakini kwetu limbwata lina sura nyingine ambayo Omonua hakuigusa. Huku, mwanamume akionekana anachota maji, anambeba mtoto, au anamshauriana mkewe kabla ya kutumia fedha, mawifi husema amelishwa. Wema wa mume hugeuka kuwa ushahidi dhidi ya mke. Hadithi ya mwanamke aliyetia dawa kweli ni moja. Hadithi za wanawake waliosingiziwa ni nyingi, na bado zinangoja wa kuzitengeneza.

Hadithi ya pili, Yam ya Makama, ndiyo bora kuliko zote tatu. Kijana wa mtaani aitwaye Amos anaokota fedha iliyolala barabarani, na anageuka kuwa kiazi kikuu. Kiazi hicho kinaishia jikoni. Maelezo yake ni hayo tu, na anayeyasikia kwa mara ya kwanza hucheka, lakini anyamaze kidogo aone jinsi yanavyoingia. Wazazi wa Nijeria huwaonya watoto wasiokote fedha njiani, kama mama zetu wanavyotuonya. Huku kwetu mwenye duka akiona fedha ya mauzo haitimii jioni husema ni chuma ulete, noti iliyoingia dukani ikaondoka na wenzake. Tuna msukule pia, mtu anayedhaniwa amekufa kumbe analima usiku katika shamba la tajiri. Katika masimulizi yote haya kuna hofu moja: kwamba mali ya mmoja imetengenezwa kwa mwili wa mwingine. Mvuvi wa dagaa anayepata mtumbwi wa pili wenye mashine, wakati jirani zake bado wanavuta nyavu za kuazima, huulizwa chini chini ni nani aliyekufa katika ukoo wake. Makama ameichukua hofu hiyo akaiweka mahali inapostahili, yaani kwa kijana maskini ambaye jamii ilikuwa ikimla tangu zamani kabla hajawa chakula. Jambo la kuangalia ni kwamba katika hadithi hii hatafutwi mtu wa kulaumiwa. Fedha imelala njiani. Hatuambiwi ni bibi gani aliyeiweka. Uchawi upo, unatisha, lakini hauna jina la jirani.

Hadithi ya tatu, Suffer the Witch ya Obasi, ndiyo iliyonifanya niandike. Tuko chuoni, kati ya wanafunzi wasichana. Chinwe ana rafiki yake Joy, na wenzao wananong'ona kwamba Joy ni mchawi. Chinwe anapoanza kupendwa na kijana aliyekuwa akimtamani, urafiki unaharibika na kuwa kitu cha kutisha. Hadithi inatembea upande wa Chinwe. Joy tunamtazama kutoka nje, kama anavyotazamwa na chuo kizima. Na mwisho wake hauwaaibishi wanong'onaji.

Hapa ndipo nionapo tofauti kubwa na zile mbili za kwanza. Katika Love Potion tunamwona mtenda tendo lenyewe. Katika Yam hapana mtuhumiwa. Katika hii ya tatu pana mtuhumiwa kabla ya kuwapo tendo lolote: kwanza uvumi, kisha dalili, kisha uthibitisho. Ni mpango ule ule wa tuhuma ya kijijini, isipokuwa kwamba kijijini hatua ya tatu haipatikani. Mchawi husemwa hutembea usiku, bila nguo, kwa ungo, macho ya kawaida yasimwone. Serikali ya kikoloni ilitunga sheria ya uchawi mwaka 1928, na mahakimu wa vizazi vyote tangu hapo wamekutana na shida ile ile, kwamba hakuna shahidi wa macho. Filamu humpa mtazamaji kile ambacho hakimu hajawahi kukipata. Inamweka usiku penye tukio, inamwonyesha, halafu inamrudisha nyumbani akiwa ameona.

Mpinzani atasema kwamba hii ni hadithi ya kubuni, na kwamba aina hii ya filamu haiwezi kuwapo bila mchawi wa kweli ndani yake. Nakubali. Hata Maandiko yanazo hadithi zenye wachawi wa kweli. Lakini Omonua na Makama wamekwisha kuonyesha, ndani ya filamu hiyo hiyo, kwamba uchawi unaweza kuwa kweli katika hadithi bila uvumi wa watu kupewa hati ya haki.

Jina la hadithi hiyo nalo linatuhusu sisi zaidi ya watazamaji wengine. Limetoka katika Kutoka 22:18, katika Kiingereza cha Biblia ya Mfalme James, ambamo Israeli wanaagizwa wasimwache mwanamke mchawi aishi. Obasi ameliondoa neno la kukanusha. Kilichobaki kinaweza kusomwa kuwa mchawi aachwe, au kwamba mchawi na ateseke, kwa kuwa neno hilo la Kiingereza limebeba maana zote mbili. Ni ujanja mzuri wa lugha, na nilitazamia kwamba hadithi ingeutumia. Haikuutumia. Aya hiyo katika Kiebrania inamtaja mwanamke. Wafasiri wa Kiyunani wa Septuaginta waliandika wingi, kwa neno linalowahusu watu wa madawa na sumu. Tena aya hiyo haisimami peke yake. Hatua chache mbele, katika 22:21 na 22:22, sheria hiyo hiyo inakataza kumwonea mgeni na kumtesa mjane au yatima. Katika sehemu zetu anayeitwa mchawi ni nani, kama si mjane, au mke aliyeolewa kutoka kijiji kingine? Mhubiri akiisoma aya ya 18 na kukifunga kitabu kabla ya aya ya 22, amekwisha kuchagua upande.

Wala sisi Walutheri hatuwezi kuitazama filamu ya Nijeria kana kwamba mambo haya ni ya watu wengine. Mwaka 1526 Martin Luther alihubiri juu ya aya hiyo hiyo, na aliunga mkono kwamba wachawi wauawe. Mwaka 1540, Luther akiwa bado hai, watu wanne waliuawa kwa moto mjini Wittenberg, wakishtakiwa kwa uchawi na kwa kutia sumu malisho hata mifugo ikafa. Picha ya miili yao ilichongwa katika ubao na kuchapwa. Huhesabiwa kuwa ya Lucas Cranach Mdogo, mwana wa mchoraji aliyempa Luther uso tunaoujua sote. Karatasi hiyo ilikuwa filamu ya wakati wake. Aliyeishika hakuwapo malishoni wala mahakamani, lakini aliona miti na mabaki ya watu, na mtu akiona adhabu kwa macho yake huona kama ameliona na kosa. Mtu yule yule mwaka 1529 ndiye aliyeandika katika Katekisimo Ndogo maelezo ya amri ya nane, akitaka jirani atetewe, asemwe vizuri, na mambo yake yachukuliwe kwa upande wa wema. Amri ya pili katika kitabu hicho inakataza uchawi, na ya nane inakataza kumsingizia mtu. Vijana wa kipaimara huzikariri zote mbili kwa siku tofauti, na ni mara chache mwalimu huziweka juu ya meza moja.

Sasa turudi ziwani. Katika miaka ya 1930 vijana waliojiita bamuchapi walipita katika vijiji vya Rhodesia ya Kaskazini wakisaka wachawi. Audrey Richards aliandika habari zao mwaka 1935. Jina lao latokana na neno la Kinyanja lenye maana ya kufua. Walivaa nguo za Kizungu, wakawapanga wanakijiji katika mstari, na kiongozi akawatazama, mmoja baada ya mwingine, katika kioo kidogo cha mkononi. Ambaye sura yake katika kioo ilimtia mashaka aliambiwa atoe pembe zake, kisha wote wakanyweshwa dawa. Baadaye Roy Willis aliandika, mwaka 1968, juu ya kamchape huko Ufipa, upande wa kusini wa ziwa letu. Na katika vijiji vya Kigoma kamchape, ambao wengine huwaita rambaramba, wameendelea kuja, hata katika miaka ya 2020, wakikusanya michango, wakiingia nyumba za watu na kufukua vibuyu uani mbele ya umati unaoshangilia, huku serikali ya mkoa na polisi wakiwakataza.

Kiswahili kimetupa neno moja kwa vitu viwili. Kioo ni kile cha kujitazamia, na kioo ni uso wa runinga na wa simu. Kijana wa miaka ya 1930 alimgeuzia jirani kisogo akamwangalia katika kioo, akasema ameona. Umati haukuona alichokiona. Ulimwona yeye akiona, na hiyo ikatosha. Kinachofukuliwa uani na kamchape wa leo ni onyesho la aina hiyo hiyo, na mara nyingi huwa kinarekodiwa kwa simu na kupelekwa kijiji cha pili kabla kamchape mwenyewe hajafika. Hadithi ya Obasi ina ufundi mkubwa kuliko hayo na haina nia mbaya. Lakini mtazamaji anakaa katika kiti kile kile.

Mwezi Oktoba 2014, katika kijiji cha Murufiti, Kasulu, watu saba waliuawa na nyumba kuchomwa moto kwa tuhuma za uchawi. Polisi walieleza kwamba watano kati yao walikuwa na umri wa zaidi ya miaka 60, na wawili zaidi ya miaka 40. Watu 23 walikamatwa, mganga mmoja wa kienyeji akiwa miongoni mwao. Najua kwamba waliofanya hivyo hawakuhitaji filamu. Walikuwa na uvumi, walikuwa na vifo vilivyokosa maelezo, na walikuwa na mtu wa kuwahakikishia. Ninalosema ni kwamba hadithi ya tatu ya Juju Stories, ikisimuliwa Murufiti, ingesimuliwa na wale 23. Uvumi, dalili, uthibitisho: hata mpangilio wake wasingeubadili.

Kwa hiyo nimekuwa nikijiuliza kama ipo njia nyingine ya kumsimulia mwanamke wa namna hiyo, na naona ipo, tena ya kale sana. Katika 1 Samweli 28 mfalme Sauli, ambaye mwenyewe alikuwa amewaondoa wapiga ramli katika nchi, anakwenda usiku kwa mwanamke wa Endori akiwa amejibadilisha nguo. Maandiko hayasemi kwamba mwanamke huyo hana kitu. Samweli anapanda, na mwandishi haombi radhi kwa hilo. Lakini mwandishi anaingia nyumbani kwake. Neno lake la kwanza ni hofu: anadhani ametegwa ili auawe. Naye mfalme anapoanguka chini kwa njaa na kukata tamaa, yeye ndiye anayemsihi ale, anamchinja ndama wake aliyenona, anakanda unga, anaoka mkate, anamlisha pamoja na watumishi wake. Tunatoka katika nyumba hiyo tukiwa tumehukumu tendo la Sauli, na mwanamke tumemwona akiwa mtu mwenye woga, ndama na jiko. Kamera ya Obasi ingeweza kuingia chumbani kwa Joy namna hiyo. Msichana anayeitwa mchawi na bweni zima anakula na nani? Anapougua, nani anamletea maji?

Wakufunzi wa wainjilisti wanaotaka kuitumia filamu hii darasani wasiiogope. Wanafunzi waitazame yote, hadithi ya pili mara mbili. Ya tatu waisimamishe pale ambapo minong'ono imekwisha kusikika na hakuna lililothibitishwa bado, kisha kila mmoja aandike kwa ukurasa mmoja ni nini hasa amekiona kwa macho yake kumhusu Joy, na ni nini amekisikia. Makaratasi hayo yasomwe kwa sauti kabla ya kuendelea.

Na kama siku moja atatokea mtengenezaji wa filamu katika pande zetu, kijana wa Ujiji au wa Kasulu, anayetaka kutengeneza filamu ya kutisha yenye uchawi, namsihi aende Murufiti. Asianze na usiku wa mauaji. Aanze na asubuhi yake, majivu yakiwa bado ya moto, jirani mmoja akitoka nje na ndoo kwenda kisimani, akitafuta njia isiyopita mbele ya nyumba hizo.